Sauti Katika Soko la Watumwa: Maisha ya Edward Steere

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Kumb. 5:12–15, Kumb. 31:10–13, Neh. 8:1–18, Zab. 78:1–7; Luka 4:16–21; Mdo 15:21; 1 Tim. 4:13, Ufu. 1:3.

Fungu la Kukariri: Nehemia 8:8. Likariri kutoka katika Biblia yako, kisha darasa zima lilisome kwa sauti siku ya Sabato.

Kwa miaka mingi, sauti iliyopazwa katika uwanja wa Mkunazini, mjini Unguja, ilikuwa sauti ya dalali. Watumwa walipangwa kwa safu, wakakaguliwa meno na mikono, na wanunuzi wakapandisha bei. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alikubali mkataba uliofunga masoko ya watumwa katika milki yake. Siku ya Krismasi ya mwaka huohuo, jiwe la msingi la kanisa liliwekwa palepale sokoni. Tangu hapo sauti nyingine ikaanza kusikika mahali pale: sauti ya mtu anayesoma Maandiko kwa Kiswahili.

Somo la juma hili linafuata maisha ya Edward Steere, mmisionari aliyefanya kazi kubwa ili usomaji huo uwezekane. Hakuwa Mwadventista Msabato. Alikuwa askofu wa Kianglikana, na alifariki miaka 21 kabla ujumbe wa Waadventista haujafika Upareni. Hata hivyo maisha yake yanatia nuru jambo linalotajwa katika Biblia tangu Musa hadi Ufunuo: watu wa Mungu hufanywa kuwa watu wamoja kwa kusikia Neno moja, wakiwa pamoja.

Kila Sabato katika makanisa ya Mwenge, Kinondoni na Temeke mtu husimama kusoma fungu kuu. Mara nyingine ameombwa akiwa mlangoni, dakika chache kabla ya ibada. Anasoma haraka, wengine wakiwa bado wanatafuta kitabu kwenye simu, na usomaji unakwisha kabla hawajafika. Je, kuna kinachopotea hapo? Hilo ndilo swali la juma hili.

JUMAPILI
Mwanasheria Aliyeiacha Sheria

Edward Steere alizaliwa London, Uingereza, mwaka 1828. Alisoma katika chuo kikuu cha jiji hilo, akabobea katika sheria, na mwaka 1850 akapata kibali cha kuwa wakili. Njia ya cheo na mali ilikuwa wazi mbele yake, lakini aliiacha akaingia katika utumishi wa kanisa. Baada ya kuwekewa mikono alihudumu vijijini, na hatimaye akapewa mtaa mdogo wa wakulima uitwao Little Steeping, mashariki mwa Uingereza.

Wakati huo kulikuwa na misheni iliyoanzishwa na watu wa vyuo vikuu vya Uingereza baada ya kuguswa na habari za David Livingstone kuhusu biashara ya watumwa. Mwanzo wake ulikuwa mgumu. Kiongozi wake wa kwanza, Askofu Mackenzie, alikufa kwa homa mwaka 1862, na wenzake kadhaa pia wakafa. Mwaka 1863 William Tozer, rafiki na jirani wa Steere, aliteuliwa kushika nafasi hiyo. Steere akakubali kumsindikiza, kwa nia ya kukaa naye muda mfupi tu.

Walijaribu kwanza kukaa katika mlima Morambala, karibu na mto Shire, lakini mahali hapo hapakuwafaa. Mwaka 1864 walihamia Unguja. Watu wengi Uingereza waliona kwamba misheni imekimbia. Lakini Unguja ndipo njia zote za misafara ya watumwa zilipokutana, na lugha ya Unguja ilieleweka mbali sana barani. Kwa macho ya wanadamu misheni ilikuwa imerudi nyuma, kumbe ilikuwa imefikishwa mahali ambapo neno likisemwa hufika mbali.

Soma Matendo 16:6–10. Paulo na wenzake walizuiwa njia mbili kabla ya kuonyeshwa njia ya tatu. Je, kanisa lenu limewahi kuzuiwa njia ambayo baadaye mkaona kwamba kuzuiwa kule kulikuwa uongozi wa Mungu?

JUMATATU
Sikio Kabla ya Kalamu

Steere alipofika Unguja hakuanza kwa kuhubiri. Alianza kwa kusikiliza. Alikaa na wenyeji wa mji, wengi wao Waislamu wasomi, akawauliza maneno na maana zake. Aliwaomba wamsimulie hadithi, naye akaziandika kama zilivyosimuliwa. Mwaka 1870 alichapisha mkusanyiko wa hadithi hizo pamoja na kitabu cha kufundishia Kiswahili ambacho wageni walikitumia kwa miaka mingi. Misheni ilikuwa na mashine ndogo ya kuchapisha, na vijana wa misheni wakafundishwa kupanga herufi na kuchapa kurasa.

Mmoja wa waliomsaidia alikuwa Sheikh Abdul Aziz, mwanachuoni aliyeheshimiwa sana Unguja. Sheikh alijitolea kumfasiria Zaburi kutoka Kiarabu. Kazi hiyo ilimfundisha Steere mengi, lakini aliona haiwezi kusomwa kanisani. Maneno ya Kiarabu yalikuwa mengi mno, na mpangilio wa sentensi ulifuata Kiarabu kuliko Kiswahili. Msomi angeielewa. Mchukuzi wa bandarini, mpishi, au mama aliyeletwa na msafara kutoka Nyasa, asingeielewa.

Hapo ndipo linapoonekana jambo ambalo mtafsiri wa Maandiko hawezi kulikwepa. Watu wengi wa Unguja wa siku zile hawakujua kusoma. Kwao Biblia isingekuwa kitabu cha kushika mkononi. Ingekuwa kitu kinachoingia kwa sikio, mara moja, bila nafasi ya kurudi nyuma kuangalia tena neno lililopita. Kwa hiyo kila sentensi ilipaswa kueleweka inapotamkwa.

Soma Nehemia 8:1–8. Watu waliorudi kutoka Babeli walikuwa wameishi ugenini muda mrefu. Ezra alisimama juu ya jukwaa la mti, akasoma tangu mapema asubuhi hata adhuhuri, na Walawi wakawaeleza watu maana. Tazama jinsi fungu la 8 linavyounganisha mambo matatu: kusoma kwa sauti ya kueleweka, kueleza maana, na watu kufahamu. Likikosekana moja, mengine mawili hayakamiliki.

Je, watoto na wazee wa kanisa lenu wanafahamu kinachosomwa mbele yao? Mnajuaje?

JUMANNE
Watu Wasio na Kumbukumbu Moja

Wanafunzi wa kwanza wa misheni pale Unguja walikuwa wavulana watano. Walikuwa wamekamatwa ndani ya jahazi la watumwa, na Sultani Majid akawakabidhi kwa Tozer mwaka 1864. Baada yao wakaja wengine wengi, wavulana kwa wasichana, waliookolewa baharini na manowari za Uingereza. Wavulana walikaa Kiungani, nje kidogo ya mji, na baadaye shamba la Mbweni likawa kijiji cha watu walioachwa huru.

Walikuwa Wayao, Wamakua, Wanyasa na watu wa makabila mengine ya bara. Baadhi yao walichukuliwa wakiwa wadogo kiasi cha kutokumbuka kijiji chao. Utumwa haukunyang'anya nguvu za mikono peke yake. Ulimtenga mtoto na bibi yake aliyemsimulia habari za ukoo jioni. Ulikata nyimbo, majina na makaburi ya wazee. Watu hawa walipokusanyika Mbweni, hapakuwa na habari moja ambayo wote wangeweza kuisimulia na kusema kwamba ni yao.

Sasa fikiri jinsi ilivyokuwa kwa watu wa namna hiyo kusikia habari za Yusufu akiuzwa na ndugu zake kwa wafanyabiashara wa msafara. Au habari za Israeli wakilia Misri kwa sababu ya utumwa, na Mungu akisikia kuugua kwao. Mtu aliyeuzwa Kilwa na mtu aliyeuzwa Bagamoyo walisikia habari hiyo wakiwa wamekaa pamoja, kwa lugha ambayo wote walikuwa wamejifunza ugenini. Kuanzia hapo walikuwa na jambo moja la kukumbuka kwa pamoja.

Soma Kumbukumbu la Torati 31:10–13. Mungu aliagiza torati isomwe masikioni mwa Israeli wote: wanaume, wanawake, watoto, na mgeni aliye ndani ya malango. Mgeni hakutoka Misri, na mtoto hakuwepo Sinai. Lakini kwa kusikia pamoja na wengine, habari ile ilikuwa yao pia. Zaburi 78:1–7 inaeleza mnyororo huohuo: baba humwambia mwana, na mwana atawaambia wanawe, ili tumaini lao liwe kwa Mungu.

Jambo hili si la Unguja ya zamani tu. Darasa moja la Shule ya Sabato pale Mwenge linaweza kuwa na Mpare, Mkurya, Mjita, na Mmakonde ambaye babu yake alikuja mjini kuchonga vinyago. Watoto wao wamezaliwa Dar es Salaam, na wengi hawajui lugha ya bibi. Kama hawasikii Neno pamoja, ni habari gani itakayowaunganisha?

Taja habari moja ya Biblia ambayo watoto wote wa kanisa lenu wanaweza kuisimulia bila kufungua kitabu. Waliisikia wapi mara ya kwanza?

JUMATANO
Soko Linakuwa Nyumba ya Ibada

Steere alikuwa amerudi Uingereza mwaka 1868. Mwaka 1872 akaja tena Unguja, na safari hii hakuja kwa muda mfupi. Tozer aliacha kazi kwa sababu ya afya, na mwaka 1874 Steere akawekwa kuwa askofu.

Kiwanja cha soko la watumwa kilipatikana kwa njia ambayo hakuna aliyeitarajia. Sehemu ilinunuliwa na mmisionari Arthur West, na sehemu nyingine ilitolewa na Jairam Senji, mfanyabiashara Mhindi aliyekuwa tajiri. Kabla kanisa halijasimama, ibada na mahubiri yalifanyika katika kibanda cha udongo mahali palepale, na Steere alihubiri humo kwa Kiswahili. Mwenyewe alisimamia ujenzi, akitumia mawe ya matumbawe na saruji. Krismasi ya mwaka 1879, miaka sita tangu jiwe la msingi, ibada ikafanyika ndani ya jengo jipya. Kwa mujibu wa masimulizi ya hapo, meza ya Bwana iko mahali uliposimama mti ambao watumwa walifungwa na kuchapwa.

Utaratibu wa ibada ya Kianglikana ulikuwa na Zaburi, somo kutoka Agano la Kale na somo kutoka Agano Jipya, asubuhi na jioni. Zile Amri Kumi nazo zilikuwa na mahali pake katika ibada ya meza ya Bwana. Hivyo Maandiko hayakusomwa kama utangulizi wa hubiri tu. Usomaji wenyewe ulikuwa ibada.

Mwanafunzi wa Biblia anapaswa kutulia hapa. Soma Kumbukumbu la Torati 5:12–15. Katika kitabu cha Kutoka, Sabato inakumbusha uumbaji. Katika Kumbukumbu la Torati, inakumbusha kwamba Israeli walikuwa watumwa na kwamba Bwana aliwatoa. Mtumwa hana siku iliyo yake. Mtu aliyeachwa huru hupewa siku ya kupumzika, na kila juma siku hiyo humkumbusha nani aliyemweka huru. Kama kuna mahali Afrika Mashariki ambapo fungu hili lingepaswa kusomwa kwa sauti, basi ni Mkunazini.

Steere alishika Jumapili, kama kanisa lake lilivyoshika. Hilo halifichwi, wala halifuti kazi yake. Lakini linafundisha jambo muhimu: Neno likisomwa lote, kwa lugha inayoeleweka, hubeba nuru zaidi ya ile aliyoiona msomaji. Msomaji mwaminifu hachagui yanayompendeza peke yake. Anasoma yaliyoandikwa, naye Roho hufundisha wasikilizaji hata baada ya miaka mingi.

Tazama pia Nehemia 8:13–17. Siku ya pili ya usomaji watu waligundua agizo la sikukuu ya vibanda, ambalo halikuwa limetimizwa namna hiyo tangu siku za Yoshua. Lilikuwa limeandikwa wakati wote huo. Lilingoja kusomwa.

Je, kuna sehemu za Biblia ambazo hazijasomwa kamwe mbele ya kanisa lenu? Kwa nini?

ALHAMISI
Msomaji Hufa, Neno Husomwa

Steere hakutaka watu walioachwa huru wabaki Unguja wote. Mwaka 1876 aliongoza kundi la watu zaidi ya 50 kutoka Mbweni, wakavuka bahari hadi Lindi, wakatembea kuelekea bara. Nia ilikuwa kufika karibu na ziwa Nyasa, walikotoka wengi wao. Walipofika Masasi waliona nchi nzuri yenye maji, wakaomba wakae hapo. Steere akakubali. Njia ambayo watumwa waliipita wakiwa wamefungwa, watu hawa waliipita wakirudi, wakiwa huru na wakiwa na Neno la Mungu kwa Kiswahili. Pamoja nao alikuwa John Swedi, mmoja wa wale wavulana watano. Mwaka 1879 aliwekwa kuwa shemasi.

Steere aliendelea kutafsiri hadi siku zake za mwisho. Alimaliza Agano Jipya na baadhi ya vitabu vya Agano la Kale. Alifariki Unguja mwezi Agosti 1882, akiwa na umri wa miaka 54, akazikwa ndani ya kanisa la Mkunazini, nyuma ya meza ya Bwana.

Mwezi uliofuata Masasi ilivamiwa na Wamagwangwara. Nyumba zilichomwa, na baadhi ya watu wakachukuliwa mateka. Waliokuwa wameokolewa utumwani walionja tena uchungu wa kutekwa. Mtu angeweza kusema kwamba kazi yote imekwisha: askofu kaburini, na kijiji majivu.

Lakini haikwisha. Wenzake waliendelea na tafsiri, na mwaka 1891 Biblia nzima ya Kiswahili cha Unguja ilichapishwa. Cecil Majaliwa, Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto na kusomeshwa Kiungani, alitumwa Chitangali, upande wa Masasi, kwenda kuhudumu kati ya Wayao. Mwaka 1890 aliwekewa mikono kuwa kasisi, Mwafrika wa kwanza kupewa kazi hiyo katika misheni ile. Mtoto aliyetolewa kwao kwa nguvu alirudi kwa watu wake akiwa na Neno mkononi.

Wamisionari Waadventista walipofika Upareni mwaka 1903, Biblia ya Kiswahili ilikuwa tayari imechapishwa. Mwaka 1952 tafsiri za Unguja na Mombasa ziliunganishwa katika Biblia ya Union Version, ambayo ndiyo inayofunguliwa kila Sabato katika makanisa mengi ya Tanzania. Anayesimama leo kusoma fungu kuu Mwenge anapokea kazi iliyopita katika mikono mingi: askofu, sheikh, wavulana waliopanga herufi, na mamia ya wasikilizaji ambao majina yao Mungu peke yake anayajua.

Soma 1 Timotheo 4:13 na Ufunuo 1:3. Paulo anamwagiza Timotheo aangalie usomaji, akiutaja pamoja na kuonya na kufundisha. Yohana anatangaza heri kwa msomaji na kwa wasikilizaji. Je, unapoombwa kusoma kanisani, huwa unaiona kuwa heri au kuwa kazi ndogo ya kujaza nafasi?

IJUMAA
Kwa Kujifunza Zaidi

Katika kitabu cha Manabii na Wafalme, Ellen G. White anaueleza mkutano wa Nehemia 8, ambapo watu walilia waliposikia torati, kisha wakaelekezwa kwenye furaha ya Bwana. Soma maelezo hayo pamoja na Luka 4:16–21. Yesu alikuwa na desturi ya kuingia katika sinagogi siku ya Sabato, na siku ile Nazareti alisimama ili asome. Aya alizosoma zinahusu waliofungwa kufunguliwa. Kabla ya kueleza lolote, aliacha Maandiko yasikike. Matendo 15:21 inaonyesha kwamba usomaji huo wa kila Sabato ulikuwa umeenea katika kila mji.

Kusoma kimya nyumbani ni baraka, na simu imewawezesha wengi kuwa na Biblia popote, hata ndani ya daladala. Lakini kila mtu akisoma peke yake, kila mtu hukumbuka peke yake. Usomaji wa pamoja hufanya kazi nyingine. Bibi asiyeona vizuri, kijana asiye na vocha, mtoto ambaye bado anaunganisha silabi na mgeni aliyeingia kwa mara ya kwanza, wote husikia Neno lilelile kwa dakika ileile. Juma litakapopita, wana jambo moja la kukumbushana.

Kwa hiyo msomaji na apewe fungu lake mapema. Alisome nyumbani kwa sauti mara kadhaa, ajue majina ya watu na miji, ajue pa kupumzika. Akisimama mbele, asubiri kurasa zitulie. Asome kama mtu aliyetumwa na mfalme, maana ndivyo alivyo. Mahali palipoitwa Mwenge panaelewa kazi ya mwanga: mwenge huwashwa na mmoja, hupokewa na mwingine, nao hauna faida ukifunikwa. Soma Zaburi 119:105.

Maswali ya Kujadili

1. Watu waliotoka utumwani walipata kumbukumbu mpya kwa kusikia Maandiko pamoja. Ni mambo gani leo yanayowakatia watoto wa mjini kumbukumbu za wazee wao? Kanisa linaweza kufanya nini?

2. Sheikh Abdul Aziz alimsaidia Steere, na Jairam Senji alitoa ardhi. Mungu anatumiaje watu wa imani nyingine katika kazi yake? Hilo linapaswa kuathirije namna Mwadventista anavyoishi na majirani zake?

3. Jadilini Kumbukumbu la Torati 5:15. Ungemwelezaje mtu wa Unguja, ambaye babu zake waliuzwa, kwamba Sabato ni ukumbusho wa kuwekwa huru?

4. Tafsiri nzuri kwa msomi haikumfaa msikilizaji wa kawaida. Je, kuna maneno yanayotumika katika ibada zenu ambayo mgeni hawezi kuyaelewa? Yatajeni, kisha mtafute namna rahisi ya kuyasema.

5. Kwa Sabato inayofuata, darasa lichague wasomaji wawili, mzee mmoja na kijana mmoja, wajiandae kusoma Nehemia 8:1–12 kwa sauti mbele ya darasa. Waliosalia wafunge vitabu na simu, wasikilize tu. Kisha kila mmoja aseme jambo moja alilolisikia ambalo hakuwahi kuliona aliposoma peke yake.